Upakaji Rangi Kuta za Ndani: Kwa Nini Rola Huacha Mistari?

Novemba utamaliza mtihani, kisha utakaa nyumbani kusubiri matokeo. Huenda pale Kagoma, Muleba, mjomba akakukabidhi rola na ndoo: "Sebule ni yako." Ukikosea, kila mgeni ataona. Ukipatia, jirani naye atakuita, na huyo atakulipa.

Mistari hutokea hasa pale rangi mbichi inapopandishwa juu ya rangi iliyoanza kukauka. Rangi ya maji hukauka kwa sababu maji yake huvukizwa hewani na mengine hunyonywa na ukuta. Kwa hiyo jua, upepo wa dirishani au lipu isiyopakwa praima huleta mistari upesi. Mwambao wa Bukoba ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, na Novemba hewa ina unyevu mwingi. Ukingo wa rangi hukaa mbichi kwa muda mrefu. Usishangilie mapema. Unyevu huohuo huchelewesha mkono wa kwanza kukauka, na ukiharakisha wa pili, rola huibandua rangi ya chini.

Anza kona moja. Paka pembeni kwa brashi, upana wa vidole vitatu, lakini ukuta mmoja tu kwa wakati. Ukizungusha brashi chumba kizima kwanza, utakaporudi na rola pembe zitakuwa zimekauka, na kila ukuta utakuwa na fremu kama picha. Chovya rola, iviringishe kwenye trei hadi isidondoke. Paka eneo la upana wa kama mita moja, kisha bila kuongeza rangi ipitishe kwa mkono mwepesi kutoka juu hadi chini. Eneo linalofuata lipande juu ya ukingo ambao bado ni mbichi. Chai isubiri mpaka ukuta uishe! Wengi pia huikandamiza rola rangi inapopungua; rangi hukimbilia nchani na kuacha mistari miwili kama reli.

Sasa hesabu. Chumba cha mita 4 kwa 3, kimo mita 2.7, kina kuta zenye eneo la 2 × (4 + 3) × 2.7 = mita za mraba 37.8. Toa mlango (0.9 × 2.1) na dirisha (1.2 × 1.2), zinabaki 34.47. Ikiwa lita moja hufunika mita za mraba 10, mikono miwili huhitaji karibu lita 7. Nunua makopo mawili ya lita 4 kwa pamoja, uyachanganye katika ndoo moja. Kopo linalonunuliwa wiki ya pili huweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo huonekana katikati ya ukuta.

Jambo moja zito. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliacha nyufa katika nyumba nyingi za Kagera. Ufa mwembamba kama unywele hukwanguliwa, hujazwa puti na kupigwa msasa. Ufa unaoingiza sarafu, au unaopanda kama ngazi kufuata viungo vya matofali, usiupake. Aitwe mwashi kwanza, kwa kuwa chini ya rangi mpya mwenye nyumba hataona unavyopanuka.

Maswali
1. Eleza jinsi upepo unavyosababisha mistari ya rola.
2. Kokotoa rangi ya mikono miwili kwa chumba cha mita 3 kwa 3, kimo mita 2.7, chenye mlango na dirisha kama hapo juu.
3. Mjomba anasisitiza ufa mpana upakwe rangi leo. Utamjibu nini?