SOMO LA MWEZI: KUPIMA SUMU YA MADINI KATIKA VYAKULA VYA PAKITI

Mazao ya mkulima hayaishii ghalani. Husagwa, hutiwa katika pakiti au mikebe, kisha hurudi dukani, na mkulima mwenyewe huwanunulia watoto wake. Kwa hiyo yafaa kila mkulima wa skimu ajue jinsi vyakula hivyo vinavyopimwa.

Madini yanayotafutwa hasa ni manne: risasi, kadimiamu, zebaki na aseniki. Risasi huwadhuru watoto zaidi, kwa maana huharibu ubongo unaokua, na mtoto akawa mzito wa kujifunza. Macho hayawezi kuitambua ndani ya chakula, wala kuchemsha hakuiondoi.

Yaliyotokea Marekani

Mwaka 2023, katika jimbo la North Carolina, maafisa wa afya walichunguza watoto wanne waliokuwa na risasi nyingi katika damu. Wote walikuwa wamekula matufaha yaliyopondwa, yenye mdalasini, ya pakiti. Pakiti zilipopimwa, risasi ilionekana. Mdalasini uliokuwa kiwandani, nchini Ecuador, ulipopimwa, sampuli moja ilikuwa na miligramu 5,110 za risasi katika kilo moja, yaani zaidi ya gramu 5. Vijiti vya mdalasini visivyosagwa havikuwa na risasi. Basi shaka iliangukia mahali pa kusagia. Zaidi ya watoto 500 walihesabiwa kuwa huenda walidhurika. Lau unga ule ungalipimwa kabla ya kutiwa katika chakula, hayo yasingalitokea.

Jinsi ya kupima

1. Kuchukua sampuli. Ni kama kupima udongo wa shamba: hatuchukui mahali pamoja tu. Huchukuliwa kidogo kidogo kutoka pakiti au magunia mengi, huchanganywa, hutiwa katika chombo safi, hufungwa na kuandikwa namba. Sampuli mbaya hutoa jibu la uongo, hata mashine ikiwa nzuri namna gani.

2. Kuyeyusha. Katika maabara chakula hupimwa uzito, kisha huchemshwa katika asidi kali mpaka kiwe maji matupu. Chupa nyingine ya asidi, isiyo na chakula, huchemshwa pamoja nayo, ili ijulikane kama uchafu umetoka maabara.

3. Kusoma. Maji hayo huingizwa katika mashine yenye joto kali, na mwanga hupitishwa. Kila madini hufyonza mwanga wa namna yake. Ukifyonzwa mwingi, madini ni mengi.

4. Kulinganisha. Jibu hulinganishwa na kipimo cha mwisho kinachoruhusiwa. Kwa nafaka, tume ya mataifa iitwayo Codex imeweka miligramu 0.2 za risasi katika kilo moja. Magunia 11 ya kilo 90 ni karibu tani moja. Basi ni sehemu ya tano ya gramu moja katika magunia yote 11! Ndiyo sababu jicho na ulimi havitoshi. Hapa Kenya kazi hii hufanywa na maabara kama za Mkemia wa Serikali na Shirika la Viwango.

Kazi ya mkulima

Maabara haiwezi kusafisha chakula kilichokwisha haribika. Kwa hiyo:

(a) Usianike mazao kando ya barabara kuu, wala karibu na gereji au mahali palipovunjwa betri za gari. Betri hizo zina risasi.

(b) Usiweke nafaka katika mikebe iliyokuwa na rangi ya kupaka.

(c) Usitie rangi katika viungo ili ving'ae sokoni. Rangi nyingine za manjano zimetengenezwa kwa risasi.

(d) Nunua viungo vizima, ukasage mwenyewe. Pakiti isiyo na jina la kiwanda wala alama ya ubora, iache dukani.

Maswali

1. Kwa nini sampuli haichukuliwi katika gunia moja tu?
2. Chupa ya asidi isiyo na chakula ina kazi gani?
3. Taja mahali pawili katika skimu yenu pasipofaa kuanika mahindi.