Manati Inayopiga Palepale

Mpunga ukianza kutia maziwa, watoto wa Kasongo na Kabambare hupanda dunguni kuamia ndege. Manati zimo shingoni mwa kila mmoja, ila golori zinazofika zilikotumwa ni chache. Anayekosa hulaumu jicho lake, au hutafuta mpira mkali zaidi. Ukali hausaidii. Kinachosaidia ni kufanana: mpira na mwenzake, golori na golori, mvuto na mvuto.

Panda. Kata ya mpera, mikono yake miwili iwe na unene mmoja. Ianike kivulini wiki mbili hivi. Ukiikausha juani itapinda, na ikipinda itapeleka golori kando siku zote.

Mipira. Kata vipande vyote viwili katika mpira wa ndani wa tairi moja ya baiskeli. Viweke kimoja juu ya kingine, kingo zilingane. Kisha ning'iniza jiwe lilelile kwenye kila kimoja: kinachorefuka zaidi ni dhaifu, kibadilishe. Vifunge kwenye panda kwa ukanda mwembamba wa mpira, kwani waya huvikata. Usiiache manati juani dunguni, na kila asubuhi kagua kingo. Ukiona ufa, tupa. Mpira ukikatika hurudi usoni.

Golori. Hapa ndipo wengi hupotea, maana huokota kokoto yoyote. Wapiga bunduki za hewa wa Olimpiki hulenga nukta ya nusu milimita kutoka mita 10, na kabla ya mashindano hujaribu risasi za matoleo mbalimbali wapate zinazopiga palepale. Wewe chukua udongo wa kichuguu, uchekeche, uukande. Kipimo chako ni kifuniko cha chupa ya bia: kijaze, sawazisha kwa kisu, viringa. Kausha kivulini siku mbili, kisha juani. Usizichome. Golori mbichi hupasuka ikigonga, wala haiachi jiwe shambani la kuharibu makali ya jembe.

Jaribio. Tundika kopo kuukuu hatua kumi na tano kutoka uliposimama. Vuta hadi mahali pamoja, tuseme pembe ya mdomo, upige mara tano bila kujisahihisha. Golori zikitawanyika juu na chini, mvuto wako haulingani au zina uzito tofauti. Zikitawanyika kulia na kushoto, mkono unaoshika panda unayumba. Zikikusanyika pamoja lakini pembeni, furahi: rudi kwenye panda na mipira, kasoro iko hapo, au sogeza shabaha.

Shambani. Usimpige ndege aliyetua kwenye suke; golori itaangusha punje nyingi kuliko atakazokula. Mfukuze akiwa mtini, ukingoni mwa shamba. Na kabla hujaachia, tazama nyuma ya mti: njia ya kisimani hupita huko, na mtoto aliyebeba maji haonekani kwenye majani marefu.