Kiwambo cha Kifuani na Miali ya Eksirei

Ngozi ikiwambwa juu ya gogo lililotobolewa, huwa ngoma. Mwilini mwa mwanadamu pia mna kitu kilichowambwa, kati ya kifua na tumbo, nacho huitwa kiwambo. Hicho si ngozi, bali ni nyama nyembamba yenye umbo la kuba. Juu yake yamekaa mapafu na moyo. Chini yake mna ini na tumbo na wengu. Mtu avutapo pumzi, kiwambo hujikaza na kushuka, kifua kikapata nafasi, na hewa ikaingia. Akishusha pumzi, hulegea na kupanda tena. Kazi hii haikomi usiku wala mchana.

Zamani waganga walikijua kiwambo kwa kupasua tu. Hata tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, nchi ya Ujerumani, mwalimu mmoja wa chuo kikuu, Wilhelm Röntgen, alikuwa akipitisha umeme katika chupa iliyotolewa hewa. Chupa aliifunika kwa karatasi nzito nyeusi, na chumba kilikuwa giza. Lakini karatasi nyingine iliyopakwa dawa, iliyokuwa mbali kidogo, ikang'aa. Akatambua ya kuwa miali isiyoonekana imepenya kifuniko. Kwa kuwa hakujua asili yake, akaiita X. Siku ya 22 Desemba akaupiga picha mkono wa mkewe, ikaonekana mifupa, na pete kidoleni.

Miali hiyo hupita kwa urahisi penye hewa, lakini mifupa huizuia. Kwa hiyo katika picha mapafu huwa meusi, na mifupa huwa myeupe. Ini nalo huonekana kama wingu jeupe. Kiwambo chenyewe ni chembamba mno. Huonekana kwa sababu juu yake pana weusi wa mapafu, na chini yake pana weupe wa nyama. Mpaka huo ndio daktari autazamao. Kwa kawaida upande wa kuume huwa juu kidogo kuliko wa kushoto.

Mshipa wa fahamu unaokiendesha kiwambo hutoka shingoni, na kabla ya kufika hupita kando ya moyo. Safari ndefu kwa kazi ya karibu! Ukikatwa, au ukibanwa na uvimbe, upande mmoja hupooza. Basi mgonjwa huambiwa avute pumzi puani kwa ghafula, kama mtu anusaye, huku daktari akitazama kwa miali. Upande mzima hushuka, uliopooza hupanda.

Watoto wengine huzaliwa na tundu katika kiwambo, mara nyingi upande wa kushoto. Matumbo hupanda kifuani, na pafu halipati nafasi ya kukua. Siku hizi mashine itumiayo sauti isiyosikika na masikio huweza kuonyesha jambo hilo mtoto akiwa bado tumboni mwa mamaye.

Lakini iko alama moja ambayo daktari akiiona huinuka kitini. Homa ya matumbo, au kidonda cha tumbo, huweza kutoboa utumbo. Hapo uchafu humwagika ndani, na hewa nayo hutoka. Hewa hupanda juu siku zote; kwa hiyo mgonjwa husimamishwa au huketishwa wima dakika chache, ndipo apigwe picha. Kati ya ini na kiwambo huonekana ukanda mweusi, mwembamba kama mwezi mwandamo. Upande wa kushoto hudanganya, maana tumbo la mtu mzima wa afya huwa na hewa yake; ule wa kuume ndio shahidi mwema zaidi. Asiyeweza kuketi hulazwa kwa ubavu wa kushoto, ili hewa ipande juu ya ini.

Ukanda huo ukionekana kwa mtu mwenye maumivu makali, ambaye hakupasuliwa siku za karibuni, mpasuaji huitwa mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Na usipoonekana, daktari haweki mkono wake mfukoni. Hulibonyeza tumbo tena, maana utumbo huweza kutoboka na hewa isionekane katika picha.