Uchungu wa Pili Huja kwa Mlango Mwingine

Mdogo wangu mmoja wa Mbagala ana mimba ya miezi saba, ya pili. Wa kwanza walimwanzishia uchungu: vidonge, kisha dripu, kisha siku nzima ya kupimwa njia na kuambiwa bado. Sasa wifi yake kamwambia kwamba mwanamke akishaanzishiwa mara moja, mwili husahau kuleta uchungu wenyewe, na kila mtoto atakayefuata itabidi dripu. Ananiuliza: "Dada, ni kweli? Maana ile dripu siitaki tena hata nilipwe."

Si kweli, mdogo wangu, na wifi mwambie nimesema mimi. Dawa iliyomo kwenye dripu ile inaitwa oksitosini, na ni homoni ileile ambayo ubongo wako hutengeneza wakati wa kuzaa na wa kunyonyesha. Hii ya chupani hutengenezwa kiwandani, tangu mwanakemia wa Marekani, Vincent du Vigneaud, alipoweza kuiunda maabarani mwanzoni mwa miaka ya 1950, kazi iliyochangia kumpatia tuzo ya Nobel mwaka 1955. Dripu ikitolewa, dawa huisha mwilini baada ya muda mfupi. Haikai kwenye mfuko wa uzazi ikisubiri mtoto wa pili aje.

Cha kujiuliza ni kitu kingine, na nashangaa ni wangapi tunatoka leba bila kukijua: kwa nini nilianzishiwa? Wengi wakiulizwa wanajibu, "Daktari alisema." Sawa, alisema, lakini alisema nini? Kama kadi ya kliniki ya mimba ya kwanza bado unayo, hata kama iko chini ya godoro na imeliwa pembe na panya, ichukue uende nayo. Mwambie nesi akusomee kilichoandikwa. Jinsi mtoto wa pili atakavyozaliwa inategemea sana sababu hiyo, na sababu haziko sawa.

Ulianzishiwa kwa sababu ya presha ya mimba? Hiyo usiifanyie mzaha. Wengi hawairudii, lakini aliyewahi kuipata yuko kwenye hatari kubwa kuliko ambaye hajawahi, na ipo kinga inayotaka kuanza mapema. Shirika la Afya Duniani linashauri aspirini ya dozi ndogo kwa mwanamke wa namna hii, ianze kabla ya wiki ya 20, na madini ya kalisiamu pale ambapo chakula hakina ya kutosha. Wewe wa miezi saba wiki ya 20 umeshaivuka, lakini anayesoma hapa akiwa na mimba changa aende kliniki wiki hii aseme wazi, "Mimba iliyopita nilikuwa na presha." Dawa aandikiwe na mtaalamu, aspirini ya dukani ya kutuliza kichwa dozi yake ni nyingine. Na wewe, kila hudhurio hakikisha wamekupima presha na mkojo. Ukiumwa kichwa kisichosikia dawa, ukiona nyotanyota, uso ukivimba ghafla, usingoje tarehe ya kliniki. Kifafa cha mimba hakiangalii kalenda.

Kama ilikuwa sukari ya mimba, nayo hupenda kurudi. Omba kupimwa mapema.

Sababu inayowapata wengi, na ambayo mdogo wangu nadhani ndiyo iliyompata, ni kupitiliza siku. Hapa nikae kidogo. Zile wiki 40 zinahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, na hesabu hiyo inamchukulia kila mwanamke kuwa anapata hedhi kila baada ya siku 28. Wewe unayepata kila baada ya siku 35, yai lako hupevuka kama wiki moja baadaye, kwa hiyo kalenda inakutangulia wiki nzima. Ongeza na wale ambao hawakumbuki tarehe kabisa, au walishika mimba wakiwa bado wananyonyesha na hedhi haijarudi. Wakienda kupigwa ultrasaundi miezi ya mwisho, tarehe wanayopewa inaweza kukosea kwa wiki mbili au tatu, kwa sababu wakati huo kila mtoto ameshaanza kuwa na umbo lake, mwembamba au bonge. Ultrasaundi inayojua kuhesabu siku ni ya mapema. Shirika la Afya Duniani linashauri ifanyike angalau moja kabla ya wiki ya 24, na kadiri inavyofanyika mapema ndivyo tarehe inavyoaminika. Wapo dada zetu walioambiwa wamepitiliza wakati mtoto alikuwa ndani ya siku zake. Wapo pia waliopitiliza kweli, na kuanzishiwa kuliwaokoa, kwa sababu baada ya wiki 41 hatari kwa mtoto huanza kupanda. Aliyepitiliza kweli mara ya kwanza ana uwezekano zaidi wa kupitiliza tena kuliko mwenzake, ila wengi hawapitilizi.

Sasa nikwambie jambo ambalo wifi hakulitaja, na ndilo linalonitia wasiwasi kwako kuliko dripu.

Wewe umezaa, lakini hujawahi kuanza uchungu. Umeelewa? Mara ya kwanza uchungu ulianzia kitandani hospitali, nesi pembeni, saa ukutani. Hujui unavyoanza ukiwa nyumbani unakatakata mchicha. Kwa kuanza, wewe ni mgeni kama msichana wa mimba ya kwanza. Lakini mlango wa kizazi wako si mgeni. Umeshafunguka mara moja na mara ya pili hauna maringo. Mgeni asiyejua dalili, ndani ya mwili ulio tayari kwenda haraka: hapo ndipo watoto wanapozaliwa kwenye bajaji.

Dripu huwasha uchungu kama mkaa uliomwagiwa mafuta ya taa: unashika mara moja na moto ni mkali tangu mwanzo. Uchungu unaokuja wenyewe ni mkaa wa kupepea. Unashika kona moja, unazimika, unashika tena, unadhani umekataa, ukigeuza macho jiko zima limeiva. Mwanamke aliyeanzishiwa anakaa anasubiri ule moto wa mafuta ya taa ndiyo aamini kwamba sasa ni uchungu. Shoga yangu mmoja alifua nguo asubuhi nzima akisema ni kiuno tu, kiuno cha ujauzito, maana uchungu anaoujua yeye si huu. Alizaa mapokezi, kwenye kitanda cha kupimia, kanga ikiwa bado mbichi kwa maji ya kufulia.

Kwa hiyo jifunze dalili zako sasa, ukiwa na akili tulivu. Ute mzito wenye michirizi ya damu unaweza kutoka saa chache au hata siku kadhaa kabla. Kiuno kinachouma kwa awamu, kinabana halafu kinaachia, ni uchungu huohuo. Si lazima uanzie tumboni. Tumbo la kujaribu hukaza bila mpangilio na mara nyingi hutulia ukitembea au ukinywa maji ukalala ubavu. Uchungu wa kweli hautulii. Unakaribiana, unarefuka, unazidi nguvu. Na mtoto wa pili anaweza kukaa juu, kichwa hakijashuka kwenye nyonga, mpaka uchungu uanze, kwa hiyo usijipe moyo kwa kuwa tumbo bado liko juu.

Yale mambo ya kungoja hadi uchungu uwe kila dakika tano waachie wa mimba ya kwanza wanaokaa jirani na hospitali. Wewe ukiona umeshika mpangilio, ondoka. Mbagala na foleni yake unaijua. Wakikupima wakakuta njia bado ndogo wakakurudisha nyumbani, rudi bila aibu. Nauli ni hasara ndogo. Chupa ikipasuka hata kama huna uchungu, nenda palepale, na yakitoka maji ya kijani au damu mbichi, usioge kwanza. Na hili lishike sana: ukiwa kwenye uchungu ukasikia haja kubwa ya ghafla, usiende chooni. Hiyo si haja, ni kichwa cha mtoto.

Panga usafiri mapema, na mwanao mkubwa ataachwa kwa nani usiku wa manane. Namba ya dereva anayeamka iwe kwenye simu yako na ya baba mtoto. Kwa Tanzania upo mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama. Unapiga 115 bila malipo. Na kama mtoto kaamua barabarani, gari lisimame. Msimvute, mpokeeni tu. Mfuteni akauke, mlazeni kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunikeni wote wawili kwa kanga, kichwa cha mtoto nacho. Kitovu msikikate kwa wembe wa kuokota, na msikivute. Kondo la nyuma likitoka lenyewe liwekeni kwenye mfuko mwende nalo. Kisha hospitali, hata kama mama anasema yuko sawa.

Je, wakitaka kukuanzishia tena? Uliza sababu, na wakikupa yenye maana, kubali. Usikimbie hospitali kwa kuogopa dripu. Ninazo barua za waliokimbia, na si za kusoma usiku. Isitoshe, kuanzishiwa kwa mtoto wa pili mara nyingi huwa kufupi, kwa sababu mlango wa kizazi unatii haraka. Ila ndiyo sababu dawa inatakiwa iende taratibu. Mfuko wa uzazi uliokwisha kuzaa huitikia dawa kwa nguvu, na ukizidishiwa unaweza kuchanika. Kidonge cha misoprosto kinachopendekezwa kuanzishia uchungu ni mikrogramu 25, wakati vidonge vingi vya dukani ni vya mikrogramu 200. Fanya hesabu mwenyewe. Shangazi akikuletea kimoja kwenye karatasi akisema kitakusaidia usichelewe, mshukuru, kisha kitupe chooni. Na zile dawa za miti shamba za kuongeza uchungu ni hatari ileile, tena hazina hata kipimo. Najua bibi alitumia. Kama umekunywa kitu, mwambie mkunga kabla hajakuwekea chake. Akununie kidogo, lakini ajue. Ukiwa kwenye dawa ya uchungu unatakiwa usiachwe peke yako, na mapigo ya mtoto yasikilizwe mara kwa mara. Ukiona uchungu haukupi nafasi ya kupumua katikati, ita nesi kwa sauti. Leba si mahali pa adabu ya ukwe.

Neno kwa wale ambao dripu ya kwanza iliishia chumba cha upasuaji: kwenu habari ni tofauti. Wengi wanaojaribu kuzaa kwa njia ya kawaida baada ya operesheni moja hufanikiwa, lakini ni lazima iwe hospitali yenye uwezo wa kupasua saa yoyote, si zahanati ya mtaani hata kama mkunga wake ni rafiki yako. Misoprosto haishauriwi kwa mwenye kovu. Taja operesheni yako kila unapopokelewa, usidhani wameiona kwenye kadi. Na kama bado hujashika mimba, ushauri ni kungoja angalau miezi 24 tangu uzae.

Naona mdogo wangu hakuniuliza kuhusu chango, nami siwezi kumwacha aende bila kujua. Baada ya mtoto wa kwanza tumbo hukata kidogo, wengi hawalikumbuki hata. Baada ya wa pili hukata kwelikweli, hasa mtoto akinyonya, kwa sababu kunyonyesha huamsha ileile oksitosini na mfuko wa uzazi unajikaza urudi mahali pake. Watu hudhani wameachiwa kitu tumboni. Kojoa mara kwa mara, kwa kuwa kibofu kilichojaa huzidisha maumivu, na omba parasetamoli, haizuii kunyonyesha. Lakini damu ikilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, au ikitoka mabonge makubwa, au ukisikia kizunguzungu ukisimama, hilo si chango. Hapo usingoje uji uive. Rudi hospitali na kanga uliyojifunga.