Kijana Aliyeupa Uwanja Mgongo

Katika misitu ya Mitundu, mtu atakaye kuinua gogo la mzinga haliinui kwa mikono peke yake. Hukunja magoti, huinama, kisha nguvu hupanda kutoka miguuni, hupita kiunoni na mgongoni, hata ikafika mikononi. Ndivyo ilivyo pia katika mchezo wa kutupa tufe.

Tufe la wanaume ni donge la chuma lenye uzito wa kilo 7.26, yaani ratili 16. Mtupaji husimama ndani ya duara ambalo upana wake ni mita 2.135. Huliweka tufe karibu na shingo, kisha hulisukuma kwa mkono mmoja kutoka begani. Si ruhusa kulirusha kama mtoto arushavyo jiwe, wala kutoka duarani kwa mbele. Akivunja sheria hizo, mtupo wake hauhesabiwi.

Zamani watupaji walianza wakisimama ubavu. Lakini mwaka 1951 kijana mmoja wa Marekani, jina lake Parry O'Brien, alilifikiri jambo hilo. Aliona ya kuwa tufe likisukumwa katika njia ndefu zaidi kabla ya kuachwa, hupata mwendo mkubwa zaidi. Basi alianza kwa kuupa uwanja mgongo; akainama, akateleza kinyumenyume kwa mguu mmoja, akageuka, ndipo akalisukuma tufe.

Mwaka 1952 mataifa yalikusanyika Helsinki, katika nchi ya Ufini, kwa Michezo ya Olimpiki. O'Brien alikuwa na umri wa miaka 20. Alipambana na Wamarekani wenzake wawili, mmoja wao akiwa Jim Fuchs, aliyeshika rekodi ya dunia ya mita 17.95 tangu mwaka 1950. Siku hiyo Fuchs alifika mita 17.06 tu. Darrow Hooper alifika mita 17.39. O'Brien alifika mita 17.41, akashinda. Tofauti yake na Hooper ilikuwa sentimita 2, kama upana wa kidole gumba!

Je, ilikuwa bahati tu? La. Tarehe 8 Mei 1954 O'Brien alikuwa mtu wa kwanza kuvuka futi 60, alipotupa mita 18.42. Mwaka 1956, huko Melbourne katika Australia, alishinda tena kwa mita 18.57. Mwaka 1960, mjini Roma, Bill Nieder alimshinda kwa mita 19.68, lakini Nieder naye aliupa uwanja mgongo, kwa njia ile ile ya O'Brien.

Wenye nguvu walikuwa wengi. O'Brien aliwatangulia kwa sababu alijiuliza kwa nini jambo hufanywa hivi, wala si vingine. Akili ni mali.

MASWALI
1. Kwa nini kuupa uwanja mgongo kulilisaidia tufe kwenda mbali?
2. Mtupo wa ushindi wa mwaka 1956 uliupita ule wa mwaka 1952 kwa sentimita ngapi?
3. Taja kazi ya nyumbani au shambani ambayo nguvu zake hutoka miguuni.