Kabla Hujatuma Pesa ya Gari la Kuvuta Trela Lako la Kambi

Msimu wa likizo ukikaribia, maswali ya kununua gari huongezeka kwa timu yetu ya huduma kwa wateja. Mengi ni ya gari la familia. Lakini siku hizi kuna wenzetu walionunua yale matrela makubwa ya kambi, yenye kitanda, jiko na tangi la maji, na sasa wanatafuta gari la kulivuta hadi Naivasha au Amboseli. Swali lao huwa: nitume aje pesa nyingi hivyo kwa simu? Jibu lipo, lakini wacha tuanze mbele kidogo, kwa sababu pesa ikishatumwa kwa gari lisilofaa, hakuna menyu ya kuirudisha.

Anza na uzito wa trela, si gari. Aliyekuuzia alikuambia uzito wa trela likiwa tupu, tuseme kilo 1,400. Hilo si trela utakalovuta. Jaza tangi la lita 150 na umeongeza kilo 150 hapo hapo. Mtungi wa gesi wa kilo 13 ni gesi peke yake. Chuma chenyewe ni uzito mwingine kama huo. Kuna betri, friji, viti, kuni, chakula cha watu watano na baiskeli za watoto. Ukiwa mkweli utakuta unakaribia kilo 2,000. Lipakie kama mnavyosafiri, kisha lipeleke kwenye mizani ya magari, kwa mfano ya kinu cha unga au ya wanunuzi wa vyuma chakavu. Utalipa ada ndogo na kuondoka na namba ya kweli.

Namba hiyo ndiyo unaenda nayo yadi. Angalia kitabu cha gari, sehemu ya uzito wa kuvuta. Utaona namba mbili, ya trela lenye breki zake na ya trela lisilo na breki. Ya pili kwa magari mengi ni kilo 750 tu, kwa hivyo trela letu la mfano lazima liwe na breki zake. Prado 150 ya dizeli huwa kama kilo 3,000. Isuzu D-Max ya lita 3.0 na Land Cruiser 79 hufika 3,500 kwa modeli nyingi. Lakini usisome namba kubwa ukafurahi. Ncha ya trela huikalia ndoano kwa takriban asilimia 10 ya uzito wake, yaani kilo 200 kwa mfano wetu, na hizo zinahesabiwa kama mzigo wa gari pamoja na abiria na mabegi. Magari mengi yaliyotumika kutoka Japani huja na kitabu cha Kijapani, kwa hivyo tafuta mtu akusomee, au umuulize mwakilishi wa kampuni iliyotengeneza gari kwa kutumia namba ya chesi.

Hapa ndipo wengi huteleza: Prado ya petroli ya lita 2.7. Bei yake huwa afadhali kuliko ya dizeli na bodi ni ile ile, lakini injini hiyo haina turbo. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Sasa ongeza trela la tani mbili na ule mlima wa kutoka Mai Mahiu kurudi juu. Gari litachemsha, na nyuma yako kuna foleni ya malori. Kuteremka ndiko kubaya zaidi, kwa sababu ukikanyaga breki mfululizo zinapata moto na kuacha kushika. Kwa maoni yetu, kama pesa haitoshi dizeli yenye turbo, ni heri ungoje miezi sita au uuze hilo trela ununue dogo. Na ukienda kujaribu gari, usikubali kuzungushwa mtaani. Omba kulijaribu kwenye mlima, trela likiwa nyuma, fundi wako akiwa kiti cha kando.

Sasa pesa. Tuseme mmekubaliana shilingi milioni 2.4. Kwa simu, mwisho wa kutuma mara moja ni 250,000 na kwa siku 500,000. Ukijaribu kulipa yote kwa simu itakuchukua siku tano, na siku tano za kutuma pesa kwa gari ambalo bado si lako ni nyingi mno. Kwa hivyo simu itumie kwa malipo madogo: ada ya kuangalia rekodi ya gari kwenye eCitizen kupitia Paybill 222222, ada ya fundi, na arubuni ya kushika gari. Salio kubwa lipitie benki. PesaLink hupeleka hadi 999,999 kwa mara moja. Kinachozidi hapo, omba RTGS.

Rekodi ya NTSA iangalie kabla ya arubuni, si baada. Itakuonyesha jina la mwenye gari na kama kuna benki inayolidai. Jina likiwa si la mtu unayeongea naye, muulize kwa nini, na usiridhike na "huyo ni ndugu yangu." Usisahau trela: nalo husajiliwa, na namba yake huanza na Z. Likiwa la mkono wa pili, liangalie vilevile.

Arubuni iwe ndogo, iende kwa Paybill au Till ya yadi, na mkataba uandike ni lini inarudishwa. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Kama yadi inaitwa hivi na jina ni la mtu binafsi, simama. Yule wa "gari liko bandarini Mombasa, tuma ya kushika, kuna mwingine anakuja saa tisa" mwache aendelee na huyo wa saa tisa. Mtu akishatoa pesa, hata ukitupigia dakika kumi baadaye, mara nyingi tunakuta laini iko tupu.

Siku ya kumaliza, kaeni pamoja na muuzaji. Yeye aanzishe uhamisho wa umiliki kwenye akaunti yake ya eCitizen, wewe uuone kwenye yako, ndipo benki ipeleke salio. Kama hamwaminiani kiasi hicho, wakili ashike pesa hadi logbuku isome jina lako. Ada ya uhamisho hutegemea ukubwa wa injini, kwa hivyo iweke kando mapema pamoja na bima na ndoano.

Na wanaouliza kama mkopo wa simu unaweza kujazia: tunauza mikopo hiyo na bado tunasema hapana. Ni ya siku 30, gari ni la miaka. Nenda Sacco yako au benki, uulize jumla utakayorudisha, si ya kila mwezi peke yake.