Baba Akiamka Mara Nne Usiku

Wazee wa Uvira wanaikumbuka Oktoba 1996, mji wao ulipotwaliwa. Rais Mobutu hakuwa nchini. Agosti mwaka huo alikuwa amepasuliwa huko Lausanne, Uswisi, kwa ajili ya saratani ya tezi dume, na ndiyo iliyomuua Rabat, Moroko, tarehe 7 Septemba 1997. Nelson Mandela naye alikutwa nayo mwaka 2001, akatibiwa kwa mionzi, akaishi hadi 2013. Tunawataja kwa sababu akina baba wengi, toka Kavimvira hadi Makobola, wanaona haya kutamka ugonjwa uliowapata hata marais.

Tezi dume iko chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo. Kwa kijana ni ndogo, kama tunda la ngazi lililonona. Kuanzia miaka 50 hivi huelekea kukua na kuubana mrija. Mara nyingi kukua huko si saratani, na si kazi ya wachawi.

Mama wa nyumba ndiye shahidi wa kwanza. Anasikia mlango ukifunguliwa, baba anakwenda choo cha nje gizani, mara mbili, mara nne. Huko anasimama sana, mkojo unatoka mwembamba kama uzi, unakatika, unaanza tena. Akirudi kulala bado anahisi haujaisha. Mama, usiseme ni uzee tu. Mhesabie siku chache, kisha mwambie jambo hilo mkiwa wawili, bila watoto. Nawe baba, usiache kunywa maji. Kunywa mchana, jioni upunguze, na pombe uipunguze vilevile. Vidonge vya mafua usinunue ovyo: baadhi yake huweza kuufunga kabisa mkojo wa mwenye tezi iliyokua.

Mkojo ukifunga, tumbo la chini likajaa na kuuma, msingoje kukuche. Kunywa maji mengi ili kuusukuma kunazidisha maumivu. Hospitalini watapitisha sonda, ule mpira mwembamba wa kutolea mkojo, na mgonjwa atapata nafuu papo hapo. Anayecheleweshwa anaweza kuharibikiwa figo. Haraka hiyohiyo inamhusu kijana ambaye korodani moja imemuuma ghafla na kuvimba. Huenda imejisokota, na saa sita zikishapita nafasi ya kuiokoa hupungua upesi. Kama yuko ziwani kwenye uvuvi wa ndagala, wenzake wamrudishe pwani usiku uleule, nyavu zibaki.

Damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, ipelekwe kupimwa. Wengi husema ni kichocho. Inawezekana, lakini saratani ya kibofu nayo huanza hivyo.

Saratani ya tezi dume yenyewe hukaa kimya muda mrefu. Maumivu ya mgongo na nyonga yasiyoisha huja ikiwa imekwisha kufika kwenye mifupa. Wanaume weusi huipata zaidi kuliko wengine. Basi ukifika miaka 45 zungumza na daktari kuhusu kupimwa, mapema zaidi kama baba yako au ndugu yako wa kiume aliiugua. Kuna kipimo cha damu kiitwacho PSA, na kuna kidole cha daktari anachoigusia tezi kupitia njia ya haja kubwa, kazi isiyomaliza dakika moja. PSA ikipanda bado si hukumu, maana hata tezi iliyokua bila saratani, au yenye maambukizi, huipandisha.

Kuhusu nguvu za kiume: kabla ya mizizi na vidonge vya sokoni, pima sukari na presha. Mishipa ya uume ni myembamba, mara nyingi huziba kabla ya ile ya moyo. Ukiona usaha unatoka au kidonda, tibiwa pamoja na mkeo.

Ukikuta watu wamejaa kwenye kituo cha afya, sema tu: “Nina shida ya mkojo, naomba kuongea na muuguzi pembeni.” Chukua pia dawa zote unazotumia, hata za kienyeji, azione.